Klementina wa Chumba cha Eksirei

Nilipoanza kazi ya mapokezi katika hospitali moja ya Tarime mjini, Klementina ndiye aliyekuwa akideki korido. Baba yake, mzee Mboje, alitoka Usukumani kuja kuchimba dhahabu Kemambo, na binti alikulia huko huko. Kikurya chake kilikuwa safi kuliko cha baadhi yetu tuliozaliwa nacho.

Siku hizo picha za eksirei zilikuwa bado zinasafishwa kwa dawa katika chumba cha giza. Fundi wake alikuwa Simioni, mtu wa maneno machache. Klementina akimaliza kudeki alisimama mlangoni kutazama picha zilizoanikwa zikauke.

"Unatafuta nini humo?" Simioni alimuuliza siku moja.

"Nataka kujua kwa nini hii ina ukungu na ile haina."

Simioni akamwonyesha. Baada ya hapo alimwonyesha karibu kila siku. Klementina akaanza masomo ya jioni, akafanya mtihani wa kidato cha nne kama mtahiniwa wa kujitegemea, akafeli fizikia, akarudia, akafaulu, kisha akaenda chuo Mwanza miaka mitatu. Alirudi kwetu akiwa na miaka thelathini na sita, akakabidhiwa chumba cha eksirei. Kufikia hapo mashine mpya ilikuwa imekuja na picha zinaonekana kwenye kompyuta.

Kisa ninachotaka kukieleza kilitokea mwezi wa saba, watu wakiwa wanapura mahindi. Daudi, mkulima na mfugaji wa Machochwe, alimleta mke wake Felista. Mama huyo alikuwa na miaka thelathini na mbili na watoto watatu, na alikuwa amekohoa miaka miwili. Alishameza dawa za kifua kikuu miezi sita kamili, ingawa makohozi yake hayakuwahi kuonyesha vijidudu. Dozi iliisha, kikohozi kikabaki. Nyumbani kikombe na sahani yake viliwekwa peke yake, na mama mkwe alikataza watoto wasilale naye.

Daktari Nelson, kijana aliyekuwa na mwaka mmoja tu kazini, aliandika apigwe picha ya kifua. Nilimsindikiza mimi na faili lake. Klementina alimwamkia, akamuuliza kama ana ujauzito, akamwambia avue mkufu, akamsimamisha mbele ya mashine.

"Mama, vuta pumzi ndani. Zuia."

Felista alivuta, lakini hakuweza kuzuia. Pumzi ilimtoka polepole ikipiga mluzi mwembamba. Wengine wangesema tu, rudia. Klementina alitoka nyuma ya kioo chake, akamsogelea, akasikiliza.

"Huu mluzi unakuja wakati gani?"

"Nikipura mahindi. Nikipika, kuni zikiwa mbichi. Na alfajiri, kukiwa na baridi."

"Siku nyingine unapotea?"

"Unapotea kabisa, dada. Nalima vizuri. Halafu unarudi."

"Ulikuwa nao utotoni?"

Felista alifikiri. "Mama yangu alinichanja chale hapa kifuani nikiwa mdogo. Alisema nilikuwa nakosa hewa."

Alipumzika kidogo, wakarudia, picha ikatoka. Daktari Nelson aliitazama kwenye kompyuta yake na kusema, "Mapafu ni safi. Picha haina kitu. Nitamwandikia dawa ya kikohozi aende."

Klementina alikuwa amesimama mlangoni. Kazi yake ilikuwa kupiga, si kuamua ugonjwa, na alilijua hilo vizuri. Akaingia.

"Dokta, naomba uhesabu mbavu."

"Mbavu zina nini?"

"Hazina kitu. Hesabu za mbele, zile zilizo juu ya ule msuli unaotenga kifua na tumbo. Wengi naona sita. Huyu ana nane. Na msuli wenyewe umelala kama meza, wakati kwa wengine umeinuka kama kilima. Hewa imemjaa, haitoki yote."

Daktari alihesabu kwa kidole.

"Wenye pumu wengi picha zao huwa za kawaida kabisa," Klementina akaendelea. "Kwa hiyo picha hii siwezi kusema imethibitisha. Ila haina alama ya TB juu, haina nimonia, na huyu mama anapiga mluzi unaokuja na kupotea. Tumpulizishe kile kifaa cha kupima nguvu ya pumzi."

Nilidhani daktari atakasirika. Alinyanyuka, akaenda kukitafuta mwenyewe. Felista alipuliza, mshale ukasimama kwenye mia moja themanini. Akavutishwa dawa ya kufungua njia za hewa, tukasubiri dakika ishirini, akapuliza tena. Mia mbili tisini. Felista alitutazama, akavuta pumzi ndefu, akavuta tena kana kwamba anaijaribu.

"Ni pumu," daktari alisema. "Na haiambukizi."

Daudi aliinamisha kichwa. Felista ndiye aliyemwambia, taratibu, "Waambie na nyumbani."

Alipewa dawa mbili za kuvuta, moja ya kila siku na moja ya kutumia akibanwa, akaelekezwa mpaka akajua. Baada ya mwezi alirudi na mama mkwe wake. Tulimwamkia shikamoo, na kwa ruhusa ya Felista, Klementina akamkalisha mbele ya kompyuta na kumweleza kwa Kikurya.

"Hapa juu ndipo TB hupenda kukaa. Tazama, mama. Pako safi. Na makohozi nayo yalikuwa safi."

Yule mama alitazama muda mrefu. "Kwa hiyo kile kikombe..."

"Kirudisheni pamoja na vingine."

"Nilimtenga na watoto mwaka mzima," alisema. Felista alimshika mkono.

Sitasema Felista alipona, maana pumu haiponi hivyo. Mwezi wa kumi na mbili alibanwa vibaya, akavuta dawa yake njia nzima mpaka hospitali, akalazwa siku mbili. Lakini siku hizi analima, na kazi ya kupura amewaachia wengine.

Daktari Nelson alipohamishwa wilaya nyingine tulimwandalia chai ya kumuaga. Alisema kwamba tangu siku ile, kila mwenye kikohozi cha muda mrefu ambaye picha yake ilikuwa safi alimpulizisha kile kifaa, na watu kumi na mmoja walipata jina la ugonjwa wao. Akaomba Klementina asimame tumpigie makofi. Kiti chake kilikuwa kitupu. Alikuwa kwenye chumba chake cha eksirei, kuna wagonjwa wanne kwenye benchi, na kupitia mlangoni tulimsikia akisema, "Vuta pumzi, baba. Zuia."