Kope za Karani

Kwenye mstari wa sauti ya pili ya kwaya yetu kuna nafasi ambayo hakuna aliyeijaza. Ni ya Ruthu. Tangu mavuno yaliyopita haji mazoezini, na wanaosimama kulia na kushoto kwake wameiacha wazi, kama ya mtu aliyetoka nje mara moja. Tulidhani amehamia mjini kwa binti yake Emiliana, kama alivyokuwa ametuaga. Lakini jioni moshi ulionekana jikoni kwake.

Kilichombakiza ni paka.

Marehemu mumewe, Yoramu, alifanya kazi ya reli stesheni ya Gulwe. Alipostaafu alirudi Chamwino na sanduku la bati na paka mchanga ndani ya kapu. Alimwita Karani, kwa kuwa alizaliwa chini ya dirisha la tiketi na alipenda kulalia karatasi. Yoramu alipofariki, Karani alirithi kiti chake. Ruthu akabaki na Karani. Jioni walikula pamoja, na Ruthu alimsimulia habari za siku kwa Kigogo, maana wajukuu wa mjini wanaompigia simu hawakijui.

Jicho la kushoto la Karani lilianza kutoa machozi wakati wa pepo za kiangazi. Ruthu hakushtuka. Huku kwetu wanawake wa umri wake wanayajua machozi hayo: ni vikope, kope zinazogeukia ndani na kulichoma jicho kila linapopepesa. Mama yake alizing'oa zake kwa kibano, na baadaye akamng'olea na yeye. Basi akamfunga Karani kwenye kitenge, akampakata akimwelekeza kwenye jua, akatafuta kope. Paka hana kope za kutafutwa. Aling'oa vijinywele vilivyokuwa karibu, asubuhi baada ya asubuhi, akimwambia avumilie. Karani alivumilia, mpaka jicho lilipovimba na kuwa na ukungu kama maji ya mchele.

Ndipo akambeba kwenye kapu hadi kwa Batholomeo, mtaalamu wa mifugo. Wenye mbuzi walikuwa wametangulia.

"Mama, na huyo anapelekwa mnadani?" mmoja akamchokoza.

"Bei yake huiwezi, mwanangu."

Wakacheka. Batholomeo hakucheka. Alimulika macho yote mawili, akayabonyeza taratibu yakiwa yamefumbwa.

"Mama yangu, hii ni presha ya macho. Hili limeshakufa, na linamuuma. Itabidi tulitoe. La pili nalo limeanza. Matone yatalichelewesha, hayataliponya."

"Siyo vikope?"

"Siyo vikope, mama."

Ruthu akaviangalia vidole vyake. "Mimi nilikuwa nang'oa."

"Na hakukuparura?"

"Hata siku moja."

Batholomeo akazima tochi. Kisha akamweleza kuwa paka kipofu huishi vizuri pale anapopajua. Asihamishwe, na vyombo visihamishwe.

Nyumbani mizigo ilikuwa imeshafungwa. Mjini, Emiliana alikuwa ameshapaka chumba rangi.

"Mama, kwa ajili ya paka?" akauliza kwenye simu. "Si uje naye!"

"Kwako hajui hata mlango uko wapi."

"Na wewe je? Nani atakuangalia wewe?"

Ruthu akasema maji yanachemka, akakata simu. Jikoni hakukuwa na moto.

Akafungua mizigo, akarudisha kila kitu mahali pake: mtungi kando ya mlango, kinu kwenye kona, kiti cha Yoramu kikitazama dirishani. Karani alirudi kutoka kwa Batholomeo na jicho moja, akazunguka chumba akigusa vitu kwa masharubu, kimoja kimoja, kisha akapanda kitini.

Matone huwekwa jua linapozama, saa ile ile ya kwaya, na Karani hamruhusu mtu mwingine amguse uso. Anayepita nje wakati huo humsikia Ruthu akimwimbia ili atulie. Huimba sauti ya pili peke yake, bila ya kwanza, kwa hiyo si rahisi kuutambua wimbo.

Sasa jicho lililobaki linaona mwanga tu. Ruthu yuko Chamwino, katika nyumba ile ile.