Fundi aliyempunguzia rubani mashati

Saa kumi na mbili asubuhi, mtaa wa Kaptembwo umeshaamka na kelele zake zote, na Milcah Jepleting anapuliza makaa ndani ya pasi. Shati jeupe limelala mezani. Kabla ya kuligusa, anaijaribu pasi kwenye gazeti la wiki jana. Angalau gazeti bado lina kazi mjini Nakuru.

"Cheche moja ikiruka, shati limeenda," anasema bila kuinua macho. "Na hili si la kuvaa sokoni. Hili linapanda juu."

Ni kweli linapanda juu. Ni shati la rubani, na mabegani lina vitambaa vyeusi vya mistari ya dhahabu. Mistari mitatu ni ya rubani msaidizi. Kapteni huvaa minne.

Milcah, 57, ni fundi wa cherehani. Mkate wake wa kila siku hutoka kwenye sare za shule, lakini kila wiki hupokea pia furushi la mashati meupe kutoka Nairobi. Kupunguza shati moja ni shilingi mia mbili. Marubani husema ni bei ya bure, naye huwajibu walipe zaidi basi kama wanaona haya.

Wateja hao aliletewa na mwanawe, Kiplangat, aliyekuwa rubani msaidizi katika kampuni moja ndogo ya ndege. Ndiye pia aliyemfundisha sheria za sare hiyo: tai iishie kwenye kifungo cha mshipi, mistari ya bega la kulia ilingane na ya kushoto, na kati ya kola na shingo kiingie kidole kimoja. Vikiingia viwili, shati hilo si la rubani.

"Aliniambia, 'Mama, abiria haoni vile naendesha. Anaona shati. Likiwa na makunyanzi, anaanza kuomba,'" Milcah anakumbuka, na kwa mara ya kwanza asubuhi hii anacheka.

Kiplangat alifariki miaka miwili iliyopita akiwa na umri wa miaka 33.

Ili asomee urubani, mama yake aliuza sehemu kubwa ya shamba la Rongai aliloachiwa na marehemu mumewe. Majirani walisema amerukwa na akili. Kijana aliporudi na sare, majirani hao hao waliomba kupigwa picha naye.

Siku zake za kupumzika alikuwa akishukia Naivasha, kwa mkewe Zeddy, mwalimu wa chekechea huko Karagita, na binti yao mdogo Jerono. Kisha alipanda hadi Nakuru kumsalimia mama na kumwachia mashati yenye kasoro.

Mwezi wa Aprili, mwaka aliofariki, alikuja na mashati yote matano. Yalikuwa yamemlegea kidogo. Alisema ni kazi nyingi, na chakula cha hotelini hakimkai. Milcah alipima, akatia pini, akapunguza ubavuni.

Wiki chache baadaye alirudi. Safari hii na suruali nayo ilitaka kuingizwa nyuma. Mama aligundua kwamba nyama hagusi na ugali anausukumia pembeni, anakunywa uji tu.

"Nikamuuliza, 'Kip, unaugua?' Akasema ni vidonda vya tumbo. Nikamwambia aende hospitali. Akasema, 'Mama, nikienda saa hii wataniweka chini, nisiruke. Nipe miezi miwili nipate mstari wa nne, halafu niende.'"

Marubani hupimwa afya kwa ratiba, na yeye alikuwa amepita Januari, kabla ya hayo yote kuanza. Kilichobaki ni majaribio ya mwisho ya kuwa kapteni. Alikuwa ameyangoja kwa miaka saba.

"Aliniambia nisimwambie Zeddy, kwa sababu ana mtoto wa kulea. Na mimi nikanyamaza."

Mara ya tatu, ilikuwa kola. Hiyo ndiyo kazi anayoisimulia polepole, mikono yake ikirudia kila hatua hewani. Kola ya shati haipunguzwi kwa pini mbili. Aliing'oa yote, akaikata katikati, akaiunga, akairudisha mahali pake hata mshono usionekane. Aliifanya kwa mashati yote matano.

"Alisimama hapo mbele ya kioo, akatia kidole. Kikaingia kimoja. Akaniambia, 'Mama, wewe ni kiboko.' Alitoka hapa akionekana mzima kuliko mimi."

Kule kazini, kila asubuhi mkubwa wao alikuwa akiwakagua kuanzia viatu hadi kola. Rubani ambaye shati limemning'inia angeulizwa maswali. Kiplangat hakuulizwa hata siku moja.

Ajabu ya kazi nzuri ndiyo hiyo. Fundi mbaya angemwokoa.

Mwezi wa Agosti, mstari wa nne ukiwa haujaja, Kiplangat alikwenda mwenyewe kwa mkubwa wake, akasema hawezi tena kuruka. Hakuna aliyemsukuma. Mama yake anataka jambo hilo liandikwe, na tunaliandika: siku alipojiona hatoshi kubeba watu, alisema. Madaktari wa Eldoret walimkuta na saratani ya koo. Ilikuwa imekwenda mbali. Aliishi wiki tano.

Alizikwa kwenye kipande cha shamba kilichosalia Rongai. Rubani mwenzake alisimama kutoa rambirambi, akasema Kiplangat alikuwa nadhifu kuwashinda wote, hata wiki ya mwisho aliyoonekana kazini.

"Alitaka kunifariji," anasema Milcah. "Hakujua ameniua."

Kisha shangazi wa marehemu akachukua kipaza sauti. Hakuzunguka mbuyu. Aliuliza mbele ya waombolezaji wote, mwanamke wa nyumba alikuwa wapi mumewe akikonda hivyo. Alikuwa anampikia nini? Kwani hakuwa na macho? Nyuma, mzee mmoja akamalizia kwamba mficha maradhi kilio humfichua, na watu wakatikisa vichwa.

Zeddy alikuwa amekaa mbele, mtoto mapajani. Hakujibu.

Milcah naye alikuwa amekaa viti viwili kutoka kwake. Hakujibu pia.

"Wale walidhani aliyeficha maradhi ni Kip," anasema. "Wengine wakadhani ni bibi yake. Mimi ndiye nilikuwa na mkasi. Ningesimama niseme neno moja tu, yule msichana angepumua. Niliogopa. Niliangalia chini kama mwizi."

Baada ya mazishi Zeddy alirudi Karagita na hakukanyaga tena Nakuru. Simu zikawa za Krismasi, tena fupi. Mjukuu akaanza kukua kwenye picha. Milcah aliliona hilo kama hukumu, akaikubali bila kukata rufaa.

Ila kazi haikukoma, kwa sababu tumbo halijui matanga. Marubani wenzake Kiplangat waliendelea kumtumia mashati, wengine kwa mahitaji, wengine, nashuku, kwa huruma. Lakini sasa ana sharti. Hapunguzi shati la rubani kabla hajampigia mwenyewe simu na kumuuliza anakula nini, analala vipi, mara ya mwisho alimwona daktari lini.

Kijana mmoja, Njuguna, alimjibu kwamba anajikondesha kwa ajili ya harusi yake. Hakuamini. Alimfanya ampe simu mchumba athibitishe. "Mama, utanivunjia ndoa kabla haijaanza!" kijana alilia. Shati lake lilikaa kwenye msumari hadi bi harusi aliposhika simu na kuapa kwamba jamaa anakimbia mbio kila asubuhi.

Watu humcheka. Yeye hacheki.

Milcah alimsimulia mwandishi huyu haya yote mwezi wa Juni, kisha akamshika mkono. "Usiandike bado. Zeddy akisoma kwa simu kabla sijamwambia, itakuwa nimemkosea mara mbili."

Kwa hiyo makala haya yalingoja. Yalingoja mpaka mhariri akaacha kuuliza. Hatimaye Jumamosi iliyopita Milcah alifunga kibanda na kuomba mwandishi huyu amsindikize hadi Karagita, kwa sababu, alisema, akienda peke yake ataishia Gilgil, nusu ya njia, na kugeuka.

Zeddy anaishi chumba kimoja cha kupanga, pazia likitenganisha kitanda na jiko. Alimkaribisha mama mkwe kwa heshima ile baridi anayopewa mgeni wa kanisa. Jerono alitumwa kwa jirani. Chai ikamiminwa. Milcah hakuigusa.

"Zeddy, nimekuja kusema kitu na ukitaka kunifukuza, nitaenda," alianza. Akasema yote, tangu pini za Aprili hadi kola. Akasema aliona mtoto wake anaisha, akamshonea ili wengine wasione. Akasema na ya siku ya mazishi. "Walikuuliza kama huna macho, na macho ni mimi nilikuwa nayo. Nikakuacha."

Zeddy alikuwa ameshika kifuniko cha chupa ya chai, akikifunga na kukifungua.

"Mama," alisema, "hayo mashati ulikuwa unafikiria yanafuliwa na nani?"

Milcah hakuelewa.

"Ni mimi. Kwa mkono. Nilikuwa nayageuza ndani nje nisugue kola. Niliona mshono wa kwanza, nikaona wa pili. Ile ya kola hata nililia kwa beseni. Nikamwambia Kip, nampigia mama simu leo. Akaniambia nikikuambia utauza na ile shamba imebaki ili atibiwe. Ati ningoje tu mstari wa nne." Alifuta uso kwa kiganja. "Nilifua, nikaanika, nikapiga pasi. Shangazi hakudanganya. Nilikuwa na macho."

Hapo ndipo wanawake wawili waliompenda mtu mmoja walipojua kwamba kila mmoja alikuwa amebeba peke yake mzigo wa wawili. Milcah alilia kwa sauti. Zeddy alisogea, akakaa karibu naye kitandani, ila hakumkumbatia.

"Lakini ile siku, Mama, kuniacha pale mbele ya watu," alisema baadaye. "Hiyo bado inaniuma. Sitakudanganya."

"Usinidanganye," Milcah alijibu. "Tumedanganyana ya kutosha."

Jerono aliporudi kutoka kwa jirani, alimtazama nyanya yake kutoka mlangoni jinsi mtoto anavyomtazama mtu aliyemwona kwenye picha. Kisha akaja kumsalimia. Ana shingo ya baba yake, ndefu.

Njiani kurudi, Milcah alizungumza tulipofika Kikopey, kwenye vibanda vya nyama choma, moshi ukiingia dirishani. "Mmoja wetu angekuwa mvivu," alisema. "Mimi nishone vibaya, ama yeye aache kola chafu. Mtu angemwangalia Kip vizuri."

Anataka nini sasa? Hajaomba kusamehewa haraka, anasema. Januari, Jerono anaingia Gredi ya Kwanza, na kabla hawajaagana Zeddy alikubali nyanya ndiye ashone sare. Milcah tayari ameshampima mtoto, mabega, kiuno, na shingo.

"Nitamshonea kubwa," anasema. "Imlegee kabisa, hata wenzake wamcheke. Halafu nikae hapa nikingojea. Mungu anipe tu uhai niione siku moja ikimbana."