Kompyuta na Gunia la Maharagwe

Juzi nilikuwa katika duka moja karibu na kivuko cha mpakani cha Petite Barrière; mama muuza maharagwe kutoka Kanama alikuwa akimtafutia binti yake anayeanza chuo kompyuta mpakato ya bei nafuu. Muuzaji aliiwasha, kioo kikang'aa.

"Iko muzuri, mama."

Mama hakukitazama kioo. Alifuata waya kwa kidole mpaka ukutani, akauchomoa. Kompyuta ikazimika.

"Bon, ni batri tu," muuzaji akasema.

"Hata mi maharagwe mazuri nawekaka juu ya gunia," mama akajibu kwa upole. "Mwenye akili anaingizaka mukono mpaka chini."

Akaondoka na binti yake bila kununua. Nilitaka kucheka, nikajizuia. Safu hii naiandika nimekaa sakafuni, karibu na soketi, kwa kompyuta niliyonunua katika duka lilo hilo.