Kanzu Iliyofuliwa Mabela

Kazi yangu Uingereza ilikuwa kuchakaza nguo mpya. Watu wakisikia hivyo hucheka, kwa hiyo nieleze. Kwenye studio ya filamu, nguo za waigizaji hushonwa au hununuliwa dukani. Lakini mhusika huenda akawa mwalimu aliyevaa koti moja miaka kumi, basi koti lake lazima lizeeke ndani ya siku mbili. Chumba chetu kilikuwa nyuma ya karakana ya maseremala, kimejaa msasa, brashi za waya na ndoo za chai ya rangi ya kufifishia weupe wa vitambaa.

Mwingereza mtu mzima aliyenifundisha alikuwa na swali moja: "Huyu mtu anabeba nini, na anabeba vipi?" Nikianza kukwaruza kabla ya kujibu, aliuchukua msasa mkononi mwangu na kwenda nao. Nilimwona mkali. Siku hizi namkumbuka kuliko wote.

Nilirudi Maskati baada ya miaka sita, nikakaa na mama nyumbani kwetu Mabela. Mkenya mmoja aliyekuwa msaidizi wa kamera kwenye studio ileile alikuwa ameshahamia Azaiba, mtaa mwingine wa Maskati, akipiga picha za matangazo. Mwaka jana tukaamua kutengeneza filamu fupi yetu wenyewe: hamali mzee wa soko la Matrah, siku yake ya mwisho kazini. Tulipewa ruhusa ya kichochoro kimoja cha soko, asubuhi moja tu mpaka adhuhuri. Mwigizaji wetu naye alikuwa anasafiri jioni ile. Asubuhi hiyo ikitupita, filamu imekwisha kabla ya kuanza.

Kanzu ya hamali niliichakaza siku mbili. Nikaianika uani ikauke, na hilo ndilo lililokuwa kosa langu.

Baada ya sala ya alfajiri niliikuta inaning'inia mlangoni kwangu. Ilikuwa nyeupe, imetiwa wanga, imepigwa pasi mpaka mistari inasimama. Mama alikuwa chini yake na chetezo, anaifukiza ubani.

"Nimekuona umechoka, mwanangu," akasema. "Sijui umeiazima kwa nani, lakini mtu hatoki hapa kwenda Matrah na kanzu kama dekio."

Niliketi kwenye ngazi nikamweleza. Akanisikiliza mpaka mwisho.

"Siku mbili umekaa unaichafua?"

"Siku mbili, mama."

"Na ndiyo kazi uliyokuwa ukifanya huko, miaka sita?"

"Ndiyo."

"Na mie nnawaambia watu mwanangu fundi cherehani."

Nikampigia simu mwenzangu, yule Mkenya. "Dada, usiniambie," akasema kabla sijamaliza. "Inang'aa kiasi gani?"

"Kama ya sikukuu."

"Si uje nayo tu. Tutaona."

Nilikuwa naitoa kwenye henga mama aliponiuliza msasa niliupitisha wapi mara ya kwanza. Magotini na kwenye viwiko, nikamwambia. Akacheka mpaka akaweka chetezo chini.

"Hamali apige magoti kumwomba nani? Babako kabeba magunia pale bandarini kabla hajapata kazi ya serikali. Kanzu yake ilikufa hapa." Akagusa bega la kulia, akapeleka kidole mpaka nyuma ya shingo. "Na hapa ubavuni, alipokuwa akifutia mkono. Chini alikuwa akiipandisha na kuifunga kiunoni, ikashika mikunjo. Mikunjo ile nimepigana nayo mpaka nimeshindwa."

Lilikuwa jibu la swali la yule mwalimu wangu, neno kwa neno. Mimi sikuwa nimejiuliza. Nilichakaza kanzu ya hamali wa Matrah kama koti na suruali za Mwingereza.

"Twende wote, mama," nikasema.

Alikaa kiti cha nyuma, kanzu mapajani, chupa ya chai ya rangi miguuni. Mimi naendesha, yeye anasugua. Tulipofika Azaiba nikasikia msasa umesimama. Nikamtazama kwenye kioo: ameishika chai, mkono haukubali kumwaga.

"Nisimame nifanye mimi?"

"Endesha gari," akasema, akamwaga.

Tulipofika Matrah, mwenzangu aliigeuza kanzu mara mbili, kisha akaibadilishia kamera lenzi. Picha ya bega haikuwa kwenye mpango wetu. Aliipiga ya kwanza, akaipiga tena kwa karibu zaidi, mzee akiinama chini ya gunia. Mama alikuwa akitazama kwenye kioo kidogo cha kamera.

"Mwambieni alishushe zaidi lile la kulia," akasema. "La babake huyu halikuwa likirudi juu hata akiwa hana mzigo."

Mwigizaji akalishusha. Tukapiga tena.

Picha ya mwisho tuliimaliza muadhini akigonga kipaza sauti kukijaribu. Mama akanyoosha mkono. "Haya, nipeni sasa nikaifue."

Mwenzangu akaikumbatia ile kanzu. "Mama, tafadhali. Ngoja kwanza tuangalie picha zote."

Mama akavuta kreti tupu la soda, akaketi kuangalia nasi.