Kemia ya Kwenye Kinu

Enzi zetu pale Chemchem, Tabora, Mwingereza bado akitawala, mtu hakusoma kwa macho tu. Alisoma kwa sauti, mtaa mzima ukasikia. Kaka yangu Bonifasi, aliyekuwa akisoma sayansi chuo kikuu kule Uganda, alirudi likizo na aibu: ameanguka kemia. Aliruhusiwa kurudia mtihani mara moja tu. Akianguka tena, basi, harudi.

Mimi nilikuwa nyumbani. Darasa la nne nilimaliza wa kwanza, wavulana wote nyuma yangu, kisha baba mdogo Leonsi akanitoa shule. "Msichana akijua kuandika, ataandikia wanaume." Namtaja kwa jina makusudi. Amekufa, Mungu amrehemu, lakini ni yeye.

Basi kila asubuhi natwanga mtama uani, pumba zinaniingia puani, na kaka anazunguka kinu na daftari lake, akiimba kemia kwa kufuata mchi wangu. Kiingereza anakigeuza Kiswahili ili nami nisikie. Majirani wanacheka: "Tereza, mtwange na huyo alainike!"

Siku moja nikasimamisha mchi nijifute jasho. Kaka naye kimya, sentensi imemkatikia mdomoni.

"Endelea, kaka."

"Twanga kwanza."

Nilicheka mpaka nikaketi chini. Halafu nikamwuliza jambo lililonisumbua siku nyingi: mbona sabuni inatoa povu kwenye maji ya mvua, na kwenye maji ya kisima chetu inafanya ukoko mweupe tu? Akafunua daftari. Jibu lilikuwa kwenye ukurasa ule ule aliouimba wiki nzima: madini yaliyomo kwenye maji ya kisima hushikana na sabuni.

"Kumbe najua mdundo," akasema, uso umemshuka, "kemia siijui."

Toka hapo akaacha kuzunguka. Akaketi kwenye kigoda, mimi nasimamisha mchi nipendapo na kuuliza kwa nini. Akishindwa kunielewesha mimi wa darasa la nne, anachora msalaba kwa mkaa pembeni ya ukurasa, kesho tunaanzia hapo. Wiki ya kwanza daftari lilikuwa kama makaburini. Alipopanda treni ya Mwanza kwenda kuvuka ziwa, ilibaki misalaba miwili.

Alifaulu. Barua yake niliisoma mwenyewe mbele ya ukoo, neno kwa neno: "Mwambieni mwalimu wangu Tereza tumepita." Leonsi akauliza, mwalimu gani huyo? Niliikunja barua taratibu, nikamtazama.

Leo binti yangu yuko chuo kikuu, naye sayansi. Likizo anakuja na fotokopi za daftari la mwenzake, anazipaka wino wa rangi mpaka zinang'aa kama kanga ya Idi, anasema amesoma. Juzi namwonyesha mstari mmoja, namwuliza kwa nini iko hivyo, ananijibu, "Mama, hilo haliji kwenye mtihani."

Shule kapewa, maswali kayaacha getini. Sisi maswali tulikuwa nayo tele. Shule ndiyo tuliyonyimwa.