Jina Nililoipa Kompyuta ya Sotik

Kama ni kucheka, cheka sasa umalize, kwa sababu nikianza sipendi kukatizwa. Haya yalinipata mimi mwenyewe, hapa Sotik, mwishoni mwa miaka ya tisini, mchana kweupe, nikiwa mzima na sijaonja kitu chochote zaidi ya chai. Mume wangu mpaka leo anasema niliota. Nilimwambia aende akaote yeye.

Wakati huo nilikuwa nafundisha wasichana kupiga taipu katika chumba cha nyuma cha jengo la kanisa. Walitoka hapa mjini, wengine Kiptere, wengine mpaka Chebunyo huko kwenye vumbi. Marafiki wa kanisa kutoka ng'ambo wakatuletea kompyuta, na ndani walikuwa wameweka Linux, ile programu kuu inayoiendesha mashine. Siku hizo ukiiwasha ilikupa skrini nyeusi na maandishi meupe, basi. Hakuna picha, hakuna kamshale ka kubonyeza. Desktop yenyewe, ile yenye rangi na madirisha, ilikuwa kwenye sidii, imegawanywa pakeji nyingi ndogo ndogo, yaani vifurushi vya programu, na ni mimi niliyetakiwa kuziweka moja moja.

Wazee wa kamati ya kanisa wakaja kuangalia. Mwenyekiti akainama mbele ya skrini, akauliza, "Mwalimu, hii imekufa?"

"Haijakufa, mzee."

"Sasa mbona ni nyeusi?"

Wakaamua watarudi Jumapili baada ya ibada. Wakikuta bado ni nyeusi, chumba kitakuwa stoo ya mbolea ya majani chai, na darasa litafungwa. Taipuraita tulikuwa tumeshazigawa kwa shule ya upili, kwa hivyo hakukuwa na kurudi nyuma. Bila desktop hakuna darasa, na wale wasichana niliwapenda, sikufichi.

Jumamosi nikashinda pale. Wee, acha tu! Unaweka pakeji ya desktop, inakataa, inasema inataka nyingine kwanza. Unaileta hiyo nyingine, nayo inataka ya tatu. Ya tatu inalalamika kwamba kuna ya zamani imekalia nafasi yake. Asubuhi nilikuwa nimeshalazimisha mbili tatu kwa hasira, na tangu hapo hata programu ya kuandikia barua ilikuwa haifunguki.

Aliyekuwa nami ni Bot Cherono, maana yake mama yake Cherono, yule mama wa kufagia na kutupikia chai. Akaegemea ufagio wake akanitazama.

"Mwalimu, hii mtoto inalia jina."

Ngoja nikueleze, kwa sababu mimi mwenyewe ni Mkikuyu, baba yangu aliuza vitambaa hapa Sotik, na kwetu mtoto anajulikana ataitwa nani hata kabla mama hajashika mimba. Wakipsigis wana desturi yao, wanaiita kurenet. Mtoto akizaliwa, akina mama wanamzunguka, wanamnusisha ugoro kidogo, wanamwitia majina ya wazee wao waliokufa, mmoja mmoja. Jina ambalo mtoto atapiga chafya likitajwa, huyo ndiye amerudi. Na Bot Cherono anaimba kwaya, tafadhali. Ukimuuliza atakuambia kanisa ni kanisa na nyumbani ni nyumbani.

Basi akaweka ufagio chini, akaisogelea kompyuta huku anacheka, akaanza kuwaita wafu wa kwao. "Tabutany! Taplelei! Tapkigen!"

Pii! Mashine ikalia.

Tulicheka mpaka tukashikana mabega. Najua, ingeweza kulia tu, zile mashine zililia ovyo. Lakini kila mashine ya Linux huwa na jina lake, na yetu ilikuwa bado haijapewa lolote. Nikaandika tapkigen, nikabonyeza. Mchezo tu.

Mara mvua ya mawe ikaanza. Unaijua ya huku, inapiga mabati mpaka humsikii mtu wa kando yako. Bot Cherono akajifunika gunia akakimbia kwenda kuangalia ndama zake. Nikabaki peke yangu na zile pakeji. Zikanikatalia tena. Nikasema liwalo na liwe. Linux inakuruhusu ulazimishe, unaiambia iweke pakeji na isiulize inachokosa. Nikaandika hiyo amri, nikanyoosha kidole kubonyeza.

Mkono ukanishika hapa, kwenye kiwiko cha mkono. Baridi!

"Usivute," sauti ikasema.

Nikageuka. Alikuwa mama mzee, masikio yale ya zamani yaliyotobolewa yakaning'inia, blanketi begani, ananukia ugoro. Nikadhani amekimbia mvua barabarani, akaingia nisimsikie kwa sababu ya mabati. Nikamsalimu kwa heshima kama anavyosalimiwa nyanya wa huku. "Chamgei, kogo."

Alikuwa anaiangalia kompyuta vile daktari anamwangalia mgonjwa.

"Inasema nini?"

Nikamsomea. Sijui kwa nini nilimsomea, lakini ungemwona ungesoma hata wewe.

"Inamtaka nani?"

"Inamtaka huyu hapa, kogo."

"Mlete huyo kwanza. Na huyo anamtaka nani?"

Niamini, hakugusa kiboodi hata mara moja. Aliuliza tu, mimi nikasoma na kuandika. Tulishuka hivyo, huyu anamtaka yule, yule anamtaka mwingine, mpaka tukafika kwa mmoja asiyemtaka mtu. Akasema tuanzie hapo. Nilipotaka kutoa zile nilizolazimisha asubuhi, akanizuia tena. "Kwanza uliza ni nani anamtegemea. Ukimtoa, nani ataanguka?" Nikauliza mashine, ikanijibu, nikatoa kwa utaratibu. Nimefundishwa na watu wengi maishani, wengine wana vyeti ukuta mzima. Sijaona mtu anayeingoja kazi ifike yenyewe kama yule mama. Nikiharakisha ananicheka, tena kicheko cha kuudhi, kama mtu anayejua wewe mwenyewe ulizaliwaje. Nikikosea anangoja. Nilijisikia mjinga na nilijisikia salama, yote mawili pamoja.

Kisha skrini ikawa nyeusi kabisa, halafu rangi ikaja. Buluu, chumba kizima! Madirisha, vijipicha, mshale katikati. Nilipiga vigelegele peke yangu.

"Ametoka," mama akasema. Akaweka kiganja juu ya kompyuta taratibu. "Mimi sasa nimepata mahali pa kukaa."

Nikageuka nimmiminie chai kutoka kwa chupa. Niliporudisha uso, hayupo. Nikakimbilia mlangoni. Unajua matope ya Sotik? Hata askofu akiingia ndani anaacha alama. Pale sakafuni hapakuwa na kitu, hata tone la maji. Kinyozi wa jirani alikuwa amesimama mlangoni kwake, duka nyuma yake likiwa giza. Akaniambia stima imepotea mji mzima, imekwenda na mawe ya kwanza.

Mimi sikuwa na betri wala jenereta. Nikageuka polepole kuangalia ndani. Ile buluu ilikuwa bado inawaka.

Jumapili wazee walikuja. Mwenyekiti alishika mausi kama ameshika kifaranga, akafungua dirisha, akalifunga, akalifungua tena, hadi wenzake wakaanza kupigania zamu. Mbolea ilitafutiwa stoo nyingine. Bot Cherono nilimvuta kando nikamweleza yote, masikio, ugoro, ule mkono wa baridi. Akakaa chini palepale kwenye simiti.

"Ni Tapkigen, kogo yangu," akasema. "Alikuwa mkunga. Nusu ya watu wa hapa walipita mikononi mwake." Akaanza kulia. "Tangu afe tunamwita, Mwalimu. Kila mtoto akizaliwa kwetu tunamwita. Hajakubali kurudi kwa hata mmoja. Tulisema ametukasirikia."

Darasa likaendelea miezi mingi, na mashine ile haikugoma hata siku moja. Nikitaka kuongeza pakeji nilifanya vile alivyonionyesha. Halafu Cherono mwenyewe akajifungua mtoto msichana, na mtoto akakataa titi. Wakamwitia majina yote ya ukoo. Wapi! Akalia mpaka sauti ikakauka, kisha akaacha hata kulia. Daktari alisema hana ugonjwa.

Bot Cherono alikuja kwangu asubuhi, hajafunga hata kitambaa kichwani. Hakunisalimu.

"Mwachilie, Mwalimu. Nakuomba. Mwachilie arudi nyumbani."

Nilielewa mara moja, na nitakuambia ukweli, niliogopa. Fundi yeyote wa siku hizo angekuambia, ukibadilisha jina la mashine ghafla desktop inaweza kukataa kufungua hata dirisha moja. Mtihani wa wasichana ulikuwa mlangoni, na wazee wale walikuwa bado wanakitamani chumba changu. Lakini utamwambia nini nyanya wa mtoto asiyenyonya? Nikafuta tapkigen. Nikaandika jina la kilima kimoja cha huku, nikazima, nikawasha. Bot Cherono alikuwa ameshakimbia zamani kurudi kwa mtoto.

Nikangoja. Skrini nyeusi, maandishi meupe yakipita. Nikasema kwa sauti, "Kogo, asante, nenda." Na rangi ikaja. Kila dirisha lilifunguka. Hakuna kilichoanguka, kwa sababu hakuna tulichokuwa tumekilazimisha.

Nilifunga chumba nikapanda kwao mbio. Nilisikia vigelegele nikiwa bado chini kwa majani chai. Wananiambia walimwita tena, Tapkigen, na mtoto akapiga chafya kubwa kumshinda yeye mwenyewe. Nilipoingia alikuwa ananyonya kwa nguvu, Cherono analia, Bot Cherono anacheka.

Kwa hivyo sikia. Kiwiko hiki cha mkono bado kinaingia baridi kila nikitaka kulazimisha kitu, iwe mashine, iwe mtu, na nikisikia hivyo naacha. Na wewe ukiipa mashine yako jina, ipe la mlima, ipe la mto, ipe hata la ng'ombe wako. Usiipe jina la mfu ambaye kwao bado wanazaa. Yule mtoto tulikuwa karibu kumzika.