Uji kwa Kuhe

Pale mtaani Izia, mwanamke akijifungua, kabla mama mkwe hajafika kumwona mtoto, Kristiana keshafika na chungu. Ni uji wa ulezi, mzito, umetiwa karanga. Haulizi kitu. Anamimina, anampa mzazi kikombe, kisha anasimama pale pale mpaka kikombe kiwe kitupu.

"Kunywa mwanangu. Mtoto utamtazama baadaye. Kunywa."

Miaka thelathini amefanya hivyo bila kutumwa na mtu. Wakubwa humwita Mama Lucia, kwa jina la binti yake wa kwanza. Wanaomtania humwita Mama Uji.

Kazi yake ya mchana ilikuwa nyingine kabisa. Alikuwa akitunza nyumba ya samaki kule Chanji. Aliyeifungua ni mzee Fabiani, bwana samaki mstaafu, ili watoto wa huku juu milimani, wanaomjua samaki akiwa mkavu gengeni, wamwone akiogelea. Kilikuwa chumba kimoja kirefu chenye matangi sita ya vioo, na mwisho kabisa tangi kubwa la saruji lenye kioo upande wa mbele. Samaki na maji yao vililetwa kutoka Ziwa Tanganyika na Obed, mvuvi wa Kasanga.

Kila asubuhi Modesti, kijana wa bodaboda, alisimamisha pikipiki mlangoni akachungulia.

"Mama Uji, kitoweo chote hicho mmekifungia kabatini, halafu nyumbani kwako mnakula mchicha?"

"Pita huko. Hawa si wa kuliwa."

"Hata yule bibi mkubwa? Yule ni wa kukaanga, mama. Mate yananitoka."

Bibi mkubwa alikuwa kuhe jike, samaki mkubwa wa ziwa hilo, mrefu kama mkono wa mtu mzima, akiishi na dume lake kwenye tangi la saruji. Mwaka huu walitaga. Vitoto vikatoka vingi, vidogo kama punje za ulezi, vikawa vinaelea chini ya tumbo la mama kama moshi. Tangu siku hiyo wote wawili waliacha kula. Dagaa wakitupwa mbele yao, wanapita. Walizunguka tu, huyu huku, huyu kule, wakitazama nje kupitia kioo kana kwamba kila mgeni kaja kuiba.

Wakati huohuo miguu ya mzee Fabiani ikazidi kumsumbua, na mwanawe wa Mbeya akataka kumchukua. Nyumba ikawa ya kufungwa.

"Jumamosi Obed analeta mapipa, anawarudisha kwao," mzee alisema. "Watakaofika wazima, tumshukuru Mungu. Atakayekufa, mpe huyo Modesti wako."

Jumatatu dume likafa. Kristiana alilikuta limelala ubavu. Likabaki jike peke yake, mgongo umekonda mpaka mifupa inahesabika, na safari ya kushuka Kasanga haijafika. Kristiana hakuomba kingine wiki ile. Alitaka kuhe huyu na watoto wake wafike ziwani.

Siku ya Alhamisi alisimama mbele ya kioo muda mrefu. Yule kuhe alimtazama, akafungua mdomo, akaufunga. Kristiana alikuwa ameshaona nyuso za namna hiyo vitandani Izia, za wanawake waliochoka kuliko wanavyojua.

"Wewe ni mzazi," akamwambia. "Mzazi haachwi hivihivi."

Akaenda nyumbani, akarudi na chungu. Aliuzimua uji, akaupoza vizuri, akamimina kikombe cha kwanza taratibu karibu na mdomo wa kuhe. Uji ulishuka kama vumbi. Kuhe alirudi nyuma kidogo, mdomo ukicheza. Kristiana akaona anakunywa. Akaongeza cha pili, na cha tatu.

Ijumaa asubuhi maji yalikuwa ya kijivu na yananuka kama togwa iliyochacha. Kuhe alikuwa juu, akitweta. Kristiana akashika ndoo akaanza kuyapunguza maji, lakini ya kuongezea hayakuwepo. Maji ya ziwa yalikuwa yaje kesho, na ya bomba, yenye dawa, mzee alishamkataza. Modesti akachungulia, akafungua mdomo atanie, akaona. Akavua kofia, akaingia, akashika ndoo ya pili.

Vitoto vilikuwa vimejazana kwenye pembe, pale mashine ya hewa ilipotoa mapovu. Kristiana alivichota kwa kikombe kilekile cha uji, akavihamishia tangi dogo lililokuwa safi. Mama yao alimfuata mkono kila alipochota. Adhuhuri akaacha kufuata.

"Usinipe," Modesti alisema kabla hajaulizwa. "Mimi huyo simli."

Walimzika nyuma ya nyumba, kwenye tuta la maharage.

Obed alipofika Jumamosi, Kristiana alimweleza yote, hata hesabu ya vikombe. Obed aliviringisha kamba ya pipa mpaka mwisho.

"Mama, kuhe akilea hali. Ndivyo alivyo. Anazaa mara moja, analea, anakufa. Huyu hata ungemwacha asingefika mwezi ujao."

"Lakini leo angefika."

Obed hakubisha. "Leo angefika," akasema.

"Na hawa?"

"Bila mama, saa moja tu wameliwa. Labda tuwatafutie mwenzake anayelea. Kuhe hahesabu watoto."

Kristiana akapanda gari la mizigo pamoja na mapipa. Walipita Msanzi, wakateremka mpaka joto likawafikia. Samaki wa matangi sita walimwagwa karibu na mawe na kupotea mara moja. Kwa vitoto, Obed alipiga kasia polepole juu ya mchanga mpaka akaonyesha kidole: kuhe wawili chini kabisa, na moshi wa vitoto vyao katikati.

Kristiana aliinamisha ndoo. Vitoto vilishuka. Samaki wadogo wenye mistari wakatoka kwenye mawe wakavidonoa njiani, vingi, mbele ya macho yake, na hakuwa na la kufanya. Vilivyobaki viliufikia ule moshi. Kuhe jike aligeuka kwa ghafla, akawafukuza wenye mistari, akarudi mahali pake. Baada ya hapo haikujulikana tena nani ni wa nani.

"Turudi?" Obed akauliza.

"Ngoja kwanza."

Wiki mbili baadaye, Monika, jirani yake, alijifungua mtoto wa kike. Kristiana alikwenda na chungu kama kawaida. Akamkuta mzazi ameegemea ukuta, mtoto kifuani, macho mekundu. Akakaa kwenye kigoda. Akashika kikombe, asimimine.

"Monika," akasema, "unasikia njaa, au nisubiri?"

Monika akamshangaa. "Subiri kidogo, mama."

Kristiana akakifunika chungu kwa kanga, akasubiri.